Anzia kwenye "-ki-": Sharti la Kesho katika Kifaransa

Kila kitabu cha Kifaransa kina ile kanuni: baada ya "si" ya masharti, kitenzi hakiwekwi katika wakati ujao. Ni kanuni fupi na watu huikariri mapema. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili aliyeikariri vizuri kabisa, akikaa kuandika ujumbe wa kweli wenye haraka ya kweli, mkono wake huandika "Si tu viendras demain, je t'attendrai à la gare." Msomaji wa Kifaransa ataelewa, ila ataona papo hapo kwamba mwandishi ni mgeni. Iliyo sawa ni "Si tu viens demain, je t'attendrai à la gare." Kosa hili halitokani na uzembe. Aliyeandika alianza kichwani na "kama utakuja kesho, nitakungoja stesheni", akahamisha neno kwa neno: "kama" ikawa "si", "utakuja" ikawa "tu viendras". Kwa hesabu hiyo hajakosea popote. Ndiyo maana nashauri usipoteze muda kuikariri kanuni upya. Badilisha sentensi ya Kiswahili unayoanzia. Sema "ukija kesho, nitakungoja", kisha ndipo uvuke kwenda Kifaransa. Kiambishi "-ki-" kinafanya kazi ile ile inayofanywa na "si" ikifuatwa na wakati uliopo, na ukikifuata kwa makini kitakufikisha mbali zaidi ya kanuni yenyewe.

Tazama kwanza "-ki-" ilivyo. Hakuna wakati ndani yake. "Akija nitamwambia" ni ya kesho, "akija humwambia" ni mazoea, "nilimwona akija" imeshapita. Neno "akija" ni lile lile mara zote tatu. Wakati unatoka kwenye kitenzi kingine. Sasa linganisha: "Si j'ai le temps, je lis le journal" ni mazoea, nikipata nafasi husoma gazeti. "Si j'ai le temps demain, je lirai le rapport" ni ya kesho, nikipata nafasi kesho nitaisoma ripoti. "J'ai" haikubadilika hata herufi moja. Kwa jina ni wakati uliopo, lakini ikishakaa baada ya "si" inataja jambo bila kulipangia siku, halafu kitenzi cha upande wa pili, au neno kama "demain", ndicho kinachosema ni lini. Jina hilo la "wakati uliopo" limewasumbua wanafunzi wengi, wakajiuliza iweje jambo la kesho lisemwe kwa wakati wa leo. Anayezungumza Kiswahili hana haja ya kusumbuka hivyo, maana hajawahi kuidai "ukija" ibebe "-ta-". Hakuna asemaye "utakija".

Kwa nini basi wakati ujao ukataliwe upande wa "si"? Jibu lenye mashiko zaidi, kwa maoni yangu, liko katika asili ya wakati ujao wenyewe. "Chanterai" ya Kifaransa imetokana na Kilatini "cantare habeo", yaani nina la kuimba, na mpaka leo viishio vyake, -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont, ni mabaki ya kitenzi hicho cha "kuwa na": ukivitazama unaiona "j'ai, tu as, il a". Nasi "-ta-" yetu wanaisimu huihusisha na kitenzi "kutaka". Lugha zote mbili ziliufinyanga wakati ujao kutokana na neno la kujifunga au kukusudia, kwa hiyo asemaye "je viendrai" anatoa tamko ambalo anaweza kudaiwa. Asemaye "si tu viens" hajadai kwamba utakuja wala kwamba hutakuja. Amefungua tu nafasi ili tamko lake lipate pa kusimama. Mtu anaweza kunipinga hapa kwa haki: mbona Kiitaliano, ndugu wa damu wa Kifaransa, hukubali "se verrai domani, ti aspetterò", wakati ujao pande zote mbili? Ni kweli, na pingamizi hilo linaonyesha kwamba kanuni ya Kifaransa haikuteremshwa na mantiki. Ni mazoea ambayo lugha moja iliyachagua na nyingine ikayaacha. Lakini mazoea hayafikiwi kwa kufikiri peke yake. Yanahitaji kielelezo ambacho tayari unakitumia bila kuwaza, na kwako kielelezo hicho ni "ukija".

Upande wa pili wa sentensi ni mwepesi zaidi kuliko vitabu vinavyoufanya uonekane. Ukiwa na tamko, tumia wakati ujao: "Si le train est en retard, nous prendrons un taxi." Ukiwa na jambo la karibu au ulilokwisha kuliamua, "aller" pamoja na kitenzi kisichonyambuliwa inatosha: "nous allons prendre un taxi". Ukiwa na agizo, weka amri: "Si vous voyez Amina, dites-lui de m'appeler", mkimwona Amina, mwambieni anipigie. Angalia jinsi "-ki-" nayo inavyopokea amri bila kinyongo. Kinachostahili kazi ya ziada ni maumbo yenyewe ya wakati ujao, kwa kuwa vitenzi vinavyotumika zaidi ndivyo vilivyopinda: être hutoa "serai", avoir "aurai", aller "irai", faire "ferai", venir "viendrai", voir "verrai", pouvoir "pourrai", vouloir "voudrai", savoir "saurai", devoir "devrai", envoyer "enverrai", falloir "il faudra". Hivi vikikaa kinywani, vingine vingi vinajiendesha: unachukua kitenzi kizima, unaongeza kiishio, na kama kinaishia na "e" unaiondoa, "prendre" ikawa "prendrai".

Kuna mtego mmoja wa maandishi unaowanasa hata Wafaransa. "Je viendrai" ni nitakuja. "Je viendrais" ni ningekuja. Kwa matamshi ya vitabuni, ya kwanza ina "e" iliyofungwa kidogo na ya pili ina "e" iliyo wazi zaidi, lakini Wafaransa wengi wa leo hawazitofautishi, na sikio la Kiswahili lenye "e" moja tu halina sababu ya kuzisikia. Basi usitegemee sikio. Badilisha nafsi: kama ungeweza kusema "nous viendrons", andika "je viendrai"; kama ingekuwa "nous viendrions", andika "je viendrais". Ni hila ya sekunde mbili, na katika barua ya biashara inaokoa mengi, kwa sababu herufi hiyo moja hugeuza ahadi kuwa tamanio.

Sasa tufike penye ugumu halisi, ambapo "-ki-" peke yake inaweza kukupoteza. Fikiria wakala wa forodha wa Dar es Salaam anayegomboa mizigo ya mteja wa Lubumbashi. Anaandika kwa Kiswahili: "Kontena likifika, tutalipa salio." Sentensi ni nzuri, na kila mtu bandarini ataielewa. Lakini inasema mambo mawili kwa pamoja. Huenda kontena liko baharini na kufika kwake ni suala la siku tu. Huenda pia kuna wasiwasi kama litafika kabisa. Kiswahili kinamruhusu mwandishi asichague. Kifaransa hakimruhusu. Akiandika "Si le conteneur arrive, nous paierons le solde", mteja atasoma shaka, na pengine atapiga simu kuuliza kuna nini. Akiandika "Quand le conteneur arrivera, nous paierons le solde", mteja atasoma kwamba litafika na malipo yatafuata. Na tazama kitenzi: baada ya "quand" wakati ujao umeingia, "arrivera", kule kule ambako "si" iliukataa. Yule aliyekariri kwamba upande wa sharti hauna wakati ujao ataandika "Quand le conteneur arrive, nous paierons" na kukosea kwa kutii kanuni mahali ambapo haikuhusika.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotoa msaada wake mkubwa, na nashangaa kuona ukitumiwa kidogo mno. Sisi pia tunalo umbo lisiloacha shaka: "litakapofika". Ndani yake mna "-taka-", sura ya wakati ujao katika vitenzi virejeshi, na "-po-" ya wakati. "Kontena litakapofika, tutalipa" ina wakati ujao pande zote mbili, sawasawa na "Quand le conteneur arrivera, nous paierons". Kwa hiyo unapata jozi mbili zinazolingana: "-ki-" kwa "si" na wakati uliopo, "-takapo-" kwa "quand" na wakati ujao. Ukiwa na sentensi ya "-ki-" mkononi, jaribu kuweka "-takapo-" mahali pake. Ikiwa maana yako haijabadilika, ulikuwa na uhakika tangu mwanzo, na Kifaransa kinataka "quand". Ikiwa "-takapo-" inakufanya useme zaidi ya unavyojua, baki na "si". Familia yote ya "quand" hufuata njia hiyo hiyo: "lorsque", "dès que" (mara tu), "aussitôt que", "tant que" (kwa muda wote ambao). "Nitakupigia mara tu nitakapofika" ni "Je t'appellerai dès que j'arriverai", na "-ta-" zako mbili zinakuhakikishia wakati ujao mara mbili.

Wengi wetu Tanzania, Kenya na Uganda hukutana na Kifaransa tukiwa tumeshapita kwenye Kiingereza darasani, na katika suala hili Kiingereza ni kiongozi asiyeaminika. Kwenye sharti la kesho kinakubaliana na Kifaransa, kinaweka wakati uliopo. Mwanafunzi anafurahi, anakiamini. Kisha kwenye "wakati ambapo" Kiingereza kinaendelea na wakati uliopo ule ule, ilhali Kifaransa kimeshahamia wakati ujao. Aliyekuwa akitafsiri kutoka Kiingereza hupata nusu ya kwanza bila jasho na kuanguka kwenye nusu ya pili bila kujua kwa nini. Anayeanzia kwenye "ukija" na "utakapokuja" hana tatizo hilo.

Pingamizi la kawaida dhidi ya kanuni yenyewe ni hili: mbona tunasoma "Je ne sais pas s'il viendra"? Hapo "si" ipo, "viendra" ipo, na sentensi ni safi. Vitabu hujibu kwamba hiyo ni "si" ya swali lisilo la moja kwa moja, tofauti na "si" ya masharti, jibu ambalo ni sahihi ila halimsaidii mtu aliye katikati ya sentensi. Kipimo cha Kiswahili kinafanya kazi haraka zaidi. Sema "sijui kama atakuja". Sasa jaribu kuondoa "kama" na kuweka "-ki-": "sijui akija". Haikubali, aliyekusikia atasubiri umalizie. Basi popote "kama" inapokataa kupisha "-ki-", si sharti, ni swali lililofichwa, na Kifaransa kinakuacha utumie wakati ujao upendavyo: "Demande-lui si elle restera", "On verra si le prix baissera". Popote "kama" inapopisha bila ugomvi, uko kwenye sharti, na wakati ujao hauna nafasi.

Pingamizi gumu zaidi linatoka ndani ya Kiswahili. Mtu atasema: "kama utakuja" ni Kiswahili halali, na haina maana ile ile na "ukija". Ana haki. "Kama utachelewa, nijulishe" haiwezi kugeuzwa kuwa "ukichelewa, nijulishe" bila hasara, kwa sababu ya kwanza inaomba taarifa kabla ya kuchelewa na ya pili inaweza kungoja mpaka umeshachelewa. Je, Kifaransa kinaweza kubeba tofauti hiyo bila wakati ujao? Kinaweza, na njia yake inathibitisha kanuni badala ya kuivunja: "Si tu vas être en retard, préviens-moi", au kwa lugha ya adabu zaidi, "Si tu dois être en retard, préviens-moi." Maana ya kesho imebebwa na "aller" au "devoir", lakini vitenzi hivyo vyenyewe viko katika wakati uliopo. Na pale "kama utakuja" inapokuwa na maana ya "ikiwa ni kweli kwamba utakuja", Kifaransa nacho kinaweza kusema "S'il est vrai que tu viendras": baada ya "si" mna "est", na wakati ujao umekwenda kukaa nyuma ya "que", mahali usipokatazwa. Kwa hiyo, ukihisi kwamba "-ki-" haikidhi na unaing'ang'ania "kama uta-", usiipeleke moja kwa moja. Tafuta kwanza "aller" au "devoir".

Ukiendelea kuisikiliza "-ki-", utaona inakufuata hata kwenye pembe za mbali. Jambo linalopaswa kuwa limekwisha kabla ya lingine kuanza, Kiswahili husema "ukiwa umemaliza kabla ya saa sita, tutaondoka pamoja". Kifaransa husema "Si tu as fini avant midi, nous partirons ensemble", kitenzi kisaidizi "as" kikiwa bado katika wakati uliopo. Lakini likiwa ni la uhakika, "utakapokuwa umemaliza", Kifaransa kinavaa wakati ujao tena: "Quand tu auras fini". "Ukishamaliza" yetu huelekea mara nyingi upande huu wa pili, kwa kuwa asemaye "ukishamaliza" kwa kawaida hana shaka kwamba utamaliza. Kisha kuna sharti lenye hatua mbili. "Ukipita sokoni ukakuta maembe, nunua kilo moja": hatua ya pili imeiacha "-ki-" na kushika "-ka-". Kifaransa nacho kinachoka kurudia "si", kinaweka "que": "Si tu passes au marché et que tu trouves des mangues, achètes-en un kilo." Katika maandishi rasmi "que" hiyo hufuatwa na subjonctif, "et qu'il fasse beau", ingawa kwa mazungumzo watu wengi hawajisumbui. (Ile "s" ya "achètes-en" huongezwa kwa ajili ya matamshi tu, bila "en" ni "achète".)

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili hakikusaidii hata kidogo, na ni afadhali ujue mapema. Sharti la kudhania tu, lisilotarajiwa, kwetu lina "-nge-" pande zote: "ungekuja kesho, ningekungoja". Ukiifuata sura hiyo utaandika "Si tu viendrais, je t'attendrais", kosa ambalo walimu wa Ufaransa wanapigana nalo kila mwaka kwa msemo kwamba "les si n'aiment pas les -rais", yaani "si" na "-rais" hazipatani. Watoto wao hulifanya pia. Mtoto Petit Gibus wa filamu "La Guerre des boutons" ya Yves Robert, ya 1962, alipata umaarufu kwa sentensi yenye kosa hilo hilo. Sahihi ni "Si tu venais demain, je t'attendrais": imparfait, yaani "venais", upande wa "si", na "-rais" upande wa pili. Hapo kariri tu, hakuna njia ya mkato. Faida yake ni kwamba ukiwa na uhakika wa "si tu viens, je t'attendrai", tofauti kati ya mwaliko wa kweli na ndoto inakuwa wazi: "viens" ni mlango uliofunguliwa, "venais" ni mtu anayewaza kwa sauti.

Mambo madogo yaliyobaki hayahitaji hoja ndefu. "Si" hupoteza irabu yake mbele ya "il" na "ils" tu: "s'il", "s'ils", lakini "si elle", "si on". Kukanusha, "asipokuja" ni "s'il ne vient pas". Sharti likitangulia weka mkato. Likija nyuma, "Je viendrai si j'ai le temps", huhitaji. Na "au cas où", ambayo wengi huidhani pacha wa "si", hutaka "-rais" hata ikizungumzia kesho: "Prends un parapluie au cas où il pleuvrait", chukua mwavuli, huenda mvua ikanyesha.

Mrudie sasa yule wakala, mpe ujumbe mzima, na upime kila kitenzi. "Si le navire accoste jeudi comme prévu, nous commencerons le dédouanement vendredi": meli ikifunga gati Alhamisi. Ratiba inasema itafunga, lakini bandari haina ahadi, kwa hiyo "si" na wakati uliopo. "Dès que le camion aura quitté Dar es Salaam, je vous enverrai son numéro": lori litakapokuwa limeondoka, na kwamba litaondoka hakuna anayebisha, kwa hiyo wakati ujao mara mbili. "S'il y a du retard à Kasumbalesa, appelez-moi": kukiwa na ucheleweshaji mpakani, sharti na amri. "Je ne sais pas encore si nous aurons un ou deux camions": sijui bado kama tutakuwa na lori moja au mawili, "kama" imekataa kupisha "-ki-", "aurons" ikaruhusiwa. Andika wa kwako wa aina hiyo kwa Kiswahili kwanza, bila "kama" kokote isipokuwa pale isipoepukika, kisha uuhamishe. Na ukiona mahali unapositasita kati ya "-ki-" na "-takapo-", simama hapo kabla ya kufungua kamusi, kwa sababu unachopaswa kuamua ni kama kontena unalolitaja una uhakika nalo.